Imeandikwa nini? Wasomaje? Mwongozo wa kusoma karatasi za kila siku kwa macho ya imani

Kando ya njia inayoshuka ziwani, upande wa magharibi wa Goma, mji wetu wa mashariki ya Kongo, kuna kibao cha onyo ambacho rangi yake imeanza kubanduka. Nimekipita miaka na miaka nikiwa na beseni kichwani. Kinasema hapo pana mazuku, watu wasishuke bondeni, wasilaze watoto wala kufunga mbuzi. Siku moja binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha kufuata herufi kwa kidole, alisimama akakisoma kwa sauti mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Mama, juu ya nini mbuzi anakufa na mutu mukubwa hapana?"

Nikamweleza ninachojua. Mazuku ni hewa ya kaboni inayotoka kwenye nyufa za ardhi yetu ya volkano. Haina rangi, haina harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inajikusanya mabondeni kama maji, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umelala. Mtu mzima aliyesimama, pua yake iko juu. Mbuzi, mbwa na mtoto wako ndani. Tukaendelea na safari, tukafika, tukauza.

Usiku ndipo maneno yale yalinirudia. Juma lile mimi na baba yao tulikuwa tumegombana siku tatu mfululizo, kwa sauti ya chini, tukiamini watoto hawajui. Sisi tulikuwa tumesimama. Wao walikuwa chini. Niliwasha tochi ya simu nikaandika sentensi hizo mbili nyuma ya daftari la hesabu za unga, na asubuhi nikamwomba mume wangu tuzungumze nje ya nyumba.

Usomaji wa namna hiyo ndio ninaotaka kuueleza hapa, hatua kwa hatua. Hauhitaji maktaba. Unahitaji karatasi zinazopita mikononi mwako hata hivyo, Biblia moja, daftari na kalamu.

Maswali mawili, kwa utaratibu wake

Katika Luka 10 mwanasheria anamjia Yesu na swali zito: afanye nini aurithi uzima wa milele. Yesu anamrudishia maswali mawili mafupi: "Imeandikwa nini katika torati? Wasomaje?" La kwanza linahusu karatasi, la pili linahusu msomaji. Kisha unafuata mfano wa Msamaria, na mwisho wake ni agizo: "Enenda zako, nawe ukafanye vivyo hivyo."

Sisi wakristo wa mji huu, nasema kwa upendo, tunaruka swali la kwanza. Tunataka kufarijiwa kabla ya kujua tumesoma nini. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma sura nzima ya Isaya asubuhi, na saa sita ukimuuliza ilihusu nini akakujibu, "Ilinibariki."

Kama unajiuliza ni halali kutafuta mafunzo ya kiroho katika kibao cha barabarani, soma Matendo 17. Paulo akiwa Athene alizunguka mji akisoma. Alisoma maneno yaliyochongwa kwenye madhabahu ya watu wasiomjua Kristo, "Kwa Mungu asiyejulikana", akaanzia hapo kuhubiri, na mbele kidogo akataja walichosema watunga mashairi wao wenyewe. Hakuyafanya madhabahu yale kuwa Maandiko. Aliyasoma vizuri tu, kisha akajua la kusema.

Hatua ya 1: Chagua karatasi moja

Moja kwa siku inatosha, na ukishindwa, tatu kwa juma. Hesabu zilizopita mkononi mwako tangu jana: ujumbe wa kampuni ya simu, fishi ya mtoto ya kliniki, kitabu cha shule, barua ya mwalimu mkuu kuhusu malipo, habari za Radio Okapi kwenye simu, tangazo la msiba, karatasi iliyofungia mandazi, maneno kwenye ubao wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, au nyuma ya pikipiki ya motari. Chagua ile iliyokusimamisha kidogo, hata kama hujui sababu. Iliyokuudhi pia inafaa, tena mara nyingi ndiyo bora.

Wakati? Usingoje utulivu, wala usingoje umeme. Foleni ya maji bombani inatosha. Kabla ya kusoma sema sala fupi, mimi natumia mstari wa Zaburi 119:18, "Unifumbue macho yangu." Maneno matatu, basi.

Hatua ya 2: Soma mpaka mwisho, kisha useme kwa Kiswahili chako

Hapa nakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ulilipuka. Siku chache baadaye, tarehe 27, wakuu walitangaza watu wahame katika mitaa 10 ya mji. Mitaa ilitajwa kwa majina. Mimi tangazo lenyewe sikulisoma. Nilipata ujumbe kwenye simu, umeshapitia mikono ishirini, mistari miwili ya juu tu ya tangazo na chini yake Zaburi ya 91 na maombi. Nikasoma ile Zaburi kwa machozi, nikawafunga watoto vitenge mgongoni, tukaingia njia ya Sake pamoja na umati wote. Karibu na jioni mtoto wangu wa tatu akapotea katika msongamano. Tulimpata saa nne usiku amekaa na familia nyingine ndani ya kanisa, anakula bugali kama yuko kwao.

Baadaye nilipoona orodha kamili, mtaa wetu haukuwamo.

Sisemi tulikosea kukimbia. Ardhi ilikuwa inatetemeka, na aliyeona lava ya mwaka 2002 ikipita katikati ya mji na kuteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu hangoji kuambiwa mara mbili. Nasema kwamba sikusoma. Nilisikia woga wangu, nikautafutia Zaburi. Kwa Neno la Mungu nilifanya kile ambacho aliyekata tangazo lile alilifanyia tangazo.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Nasoma karatasi yote, tarehe na sahihi zikiwemo. Nasoma kwa sauti, maana jicho linaruka na ulimi hauruki. Kama ni Kifaransa, kama karatasi zetu nyingi zilivyo, naweka kidole kwenye neno nisilolijua na namuuliza mwanafunzi yeyote wa sekondari aliye karibu. Hakuna aibu hapo, na wao wanafurahi. Mwisho naifunika karatasi na kuisema kwa maneno yangu kama namweleza jirani. Nikikwama, sijasoma bado.

Hatua ya 3: Jibu "Imeandikwa nini?" kwa kalamu

Gawanya ukurasa wa daftari kwa mstari wa katikati. Upande wa kushoto andika: nani anasema, anamwambia nani, anataka nini kifanyike. Mistari mitatu au minne. Neno "Mungu" lisiingie upande huo kama halimo kwenye karatasi.

Karatasi nyingine zinaishia hapo, na ni sawa. Pakiti ya chumvi ya kumnyweshea mtoto anayeharisha inasema uichanganye na lita 1 ya maji safi na umalize ndani ya saa 24. Nimewahi kumsikia mama akiifafanua kiroho, chumvi ya dunia na kadhalika, wakati mtoto macho yameingia ndani. Karatasi ya dawa usiihubiri. Pima maji.

Hatua ya 4: Wasomaje?

Upande wa kulia ndipo unapoingia wewe. Ninajiuliza maswali machache, si yote kila siku. Mimi ni nani katika habari hii, na ni nani nisiyependa kuwa? Ni nani aliye chini, asiyeonekana? Kuna kitu humu ambacho mkono wangu unakishika pia? Ningekuwa nimekisoma na Yesu ameketi karibu, angesimamisha kidole wapi?

Chukua habari ambayo Goma yote iliisoma: Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akasomea sheria, akafanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, OCC, hapa kwetu mpakani. Alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya Kikatoliki ya walei, na alikuwa akisaidia watoto wa barabarani. Julai 2007 aliuawa kwa kukataa rushwa ya kupitisha vyakula vilivyooza. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri, huko Roma. Hiyo ndiyo safu ya kushoto.

Siku habari ya Roma ilipotoka, mimi mprotestanti niliisoma pamoja na jirani yangu wa shirika la parokia. Watu wengi walisoma "shahidi" wakaona damu, taa, picha ukutani. Jirani yangu aliweka kidole kwenye neno "vyakula". Akasema, "Yule hakufa kwa ajili ya kanuni. Alifikiria nani atakula." Mimi nauza unga. Nina mihuri ya kupitisha bidhaa kama yeye? Sina. Lakini nina kopo la kupimia, na kopo langu wakati ule lilikuwa limebonyea chini. Halikubonyea kwa makusudi, lilianguka. Nililiacha hivyo miezi minne, na kila mteja aliondoka na unga pungufu kidogo. Nilipoandika upande wa kulia, sikuandika "niwe na ujasiri wa shahidi". Niliandika "kopo".

Ona jinsi habari kubwa inavyoshuka mpaka inagusa kitu unachoweza kukishika. Ikibaki juu hewani, umesifu tu. Hakuna ubaya kusifu, lakini siku ya pili umesahau.

Hatua ya 5: Tafuta andiko, kisha usome sura nzima

Sasa ndipo Biblia inafunguliwa, si kabla. Mimi natumia tafsiri ya Union, ile ya 1952, kwa kuwa ndiyo niliyokariri utotoni. Habari Njema ni nyepesi zaidi kwa vijana. Kama kuna Biblia ya lugha yako ya nyumbani, ifungue pia, itakuonyesha neno ambalo Kiswahili kimelipita haraka.

Usifungue popote na kuweka kidole. Anza na andiko ambalo karatasi yenyewe inakukumbusha. Kopo langu lilinipeleka Mithali 11:1, mizani ya hadaa. Kama hukumbuki mahali, tafuta neno kwenye simu au muulize mchungaji, katekista, au mama yeyote wa kwaya. Wanakwaya wanajua mistari kuliko wanavyosifiwa. Ukilipata, soma sura nzima. Hili ni sharti.

Mfano unaokutana nao kila siku: nyuma ya pikipiki kumeandikwa "Wafilipi 4:13". Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu. Motari anaelewa kwamba atashinda, atanunua pikipiki ya pili. Niliwahi kumuuliza mmoja, tukiwa tumekwama kwenye vumbi njia ya Majengo, kama anajua mstari wa 12 unasema nini. Hakujua, nami sikujua vizuri. Tulifungua simu yake hapo hapo. Paulo anasema amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Na anaandika akiwa kifungoni. "Mambo yote" ni pamoja na siku ya kukosa. Motari alinyamaza, kisha akasema: "Basi hii ni ya leo, mama. Leo sijapata kitu." Akacheka. Sijui kama kuna mahubiri yaliyonitia moyo kuliko kicheko kile mwaka ule.

Ujumbe wa kusukumiana

Nitapita haraka. Ujumbe unaosema utume kwa watu 10 la sivyo baraka itakupita, hauna mwandishi, hauna tarehe, safu yako ya kushoto inabaki tupu. Ufute. Ujumbe unaokuambia mlima umelipuka kwa sababu ya dhambi za watu fulani, ulinganishe na Luka 13. Watu 18 waliangukiwa na mnara huko Siloamu, na Yesu anakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao, anawageukia wanaouliza. Volkano isome kwenye taarifa za OVG, wale wanaopima mlima, na ujue rangi zao za tahadhari tangu kijani mpaka nyekundu. Kuzijua rangi hizo hakupunguzi imani yako hata chembe.

Karatasi ikiwa ya msiba

Kuna siku karatasi ni jina la mtu uliyemfahamu. Miaka hii mji wetu umesoma majina mengi.

Siku hiyo upande wa kulia uache wazi. Usijilazimishe kupata faraja, na zaidi sana usimpe mfiwa andiko la mwisho mzuri kabla hajalia. Mimi nasoma Zaburi ya 88. Ndiyo Zaburi pekee ninayoijua inayoanza kwa kilio na kuishia gizani, bila "lakini" yoyote mwishoni, na bado imewekwa katikati ya nyimbo za ibada. Kuisoma tu, kwa sauti, hata mara moja, ni sala ya kutosha. Mama mmoja aliyepoteza mwanawe aliniambia kwamba watu walimletea Warumi 8:28 mara saba siku ya matanga. Zaburi hii aliiomba niirudilie.

Na kuna karatasi nyingine za polepole. Kitabu cha jiografia cha mwanangu kinasema lava baada ya muda huwa udongo wenye rutuba. Nilitaka kukimbilia Isaya 61, taji ya maua badala ya majivu. Nikajizuia, nikatoka nikaenda kuangalia mawe ya mwaka 2002 kwenye kiwanja nyuma yetu. Yameshikwa na kitu cha kijivu kama ukoko, katika nyufa kuna majani machache, basi. Hakuna anayeweza kulima hapo bado. Nilimhesabia mwanangu miaka. Kisha ndiyo tukasoma Isaya, tukijua ahadi ile inatembea kwa mwendo gani.

Kusoma na wenzako

Towashi wa Matendo 8 alikuwa akisoma njiani kurudi kwao, Filipo akamuuliza, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Jibu lake ni la mtu mwenye akili: nitawezaje, mtu asiponiongoza? Na Filipo akapanda, akaketi naye. Hakumhubiria akiwa chini barabarani.

Kwetu tunakutana Alhamisi baada ya soko, watu wanne au watano, kwa zamu za nyumba. Aliye na zamu analeta karatasi na chai. Kanuni zetu ni chache na tulizipata kwa kukosea. Anayesoma haruhusiwi kufafanua kwanza. Anayeanza kuongea ni yule asiyejua kusoma, maana ndiye aliyesikiliza kweli. Sisi wengine tulikuwa tunapanga la kusema. Hakuna kumtumia mwenzako karatasi kama fimbo: ukileta makala ya wake wavivu kwa ajili ya mtu fulani, sote tutajua. Na siri ya nyumba ya mtu haitoki na vikombe.

Saa moja inatosha. Tukizidi, tunaanza kusengenya, hilo nalo tumelipima.

Hatua ya mwisho: Enenda

Chini ya ukurasa piga mstari, andika kazi moja, jina la mtu, na siku. Si "kuwa na upendo". Kazi. Yangu ya Juni ile ilisomeka: "Nunua kopo jipya. Mwambie mama mzee wa nyumba ya kona. Kabla ya Jumamosi." Yeye alikuwa amenunua kwangu kila siku kwa miezi ile minne, kopo moja moja, kwa sababu hana uwezo wa kununua zaidi.

Ukifanya, weka alama. Usipofanya, usikifute, kihamishe ukurasa unaofuata na tarehe mpya, na ukihamisha mara tatu, mweleze mwenzako mmoja wa Alhamisi.

Nilikwenda Ijumaa jioni na kopo jipya na kilo mbili za unga. Nilimweleza habari yote, tangu gazeti mpaka kopo. Alilichukua lile la zamani, akaingiza kidole gumba pale lilipobonyea, akalipima kina chake. "Nilikuwa najua, yaya," akasema. "Ngoja niweke maji ya chai."